Motokiltere ikikataa kutembea mu matope: usianze na bwati

Wenzangu wa agronomi, mu masomo tulichambua sana udongo, mbegu na mbolea. Mashini tulizipitia mbio-mbio. Sasa wengi wetu tunafanya kazi na vyama vya wakulima wa mpunga, kama vile hapa mu bonde la Ruzizi kutoka Luvungi mpaka Sange, na kitu cha kwanza watu wanatuuliza haiko pH. Wanauliza: «Enjenyere, mashini inalia lakini haitembei. Tufanye nini?»

Mara nyingi kuko mutu ameshajibu mbele yako: «Bwati ya vitesi ishakufa, mulete franga.» Pengine ni kweli. Lakini kufungua bwati ni kazi ya siku nyingi, na pyesi zinaweza kutoka mbali. Na kitalu hakingoji. Miche ya mpunga inafaa kuhamishwa ikiwa na wiki 3 hivi. Ikizeekea mu kitalu, inatoa machipukizi machache na mavuno yanashuka. Kwa hiyo hii haiko maneno ya mekanisie peke yake, ni ya agronome pia.

Ninasema motokiltere ya kusukuma na mikono, ile ya kichina yenye mota ya mazutu ya silinda moja, yenye watu wanaifunga mapine ya chuma ili iingie mu maji. Nguvu yake inatembea kama maji mu kanali. Inatoka ku mota, inapita mu kuruwa, inaingia mu ambreyaji, kisha bwati, kisha mapine. Parseli ya mwisho ikikosa maji, hauanze kuichimba. Unapanda na kanali mpaka ku fasi maji yanakwamia. Hapa pia fanya vile: anza juu, shuka polepole.

Kwanza kuruwa. Zima mota kabisa, juu vidole havina pyesi ya kununua. Sukuma kuruwa katikati na kidole gumba: ikizama sentimeta 2 ao 3, ni sawa. Ikizama zaidi, imelegea, na ku mzigo wa matope itateleza. Alama zake utaziona: harufu ya mpira unaoungua, mbavu za kuruwa zinang'aa kama kioo, na mota haipunguze sauti hata ukiiweka ku kazi nzito. Ile ya mwisho njo muhimu sana. Mota inayolia bila kuchoka haina mzigo, maana nguvu inapotelea mbele ya kufika chini. Mota inayozama sauti na kutaka kuzimika, ile nguvu imefika. Shida iko ku mapine yaliyokwama ao ku meno yanayolima kwa kina kikubwa sana. Inua meno kidogo mbele ya kulaumu mtu.

Kukaza kuruwa, unalegeza bulo za mota, unaisogeza mbele, unakaza tena, huku ukiangalia puli mbili zibaki ku mustari moja. Kama kuruwa zimekwisha, badilisha zote pamoja. Najua bei inauma, lakini kuruwa ya zamani imekuwa ndefu, basi ile mupya inavuta yenyewe na itakufa mbio.

Kuruwa ikiwa nzuri, angalia ambreyaji. Puli ya ambreyaji inazunguka vizuri, vitesi imeingia, lakini mapine yamesimama? Ambreyaji inateleza. Mara nyingi imefungwa vibaya: dreva amekaza fimbo ya mukono mpaka hakuna nafasi ndogo inayobaki ndani, ile ya chini ya milimeta 1, basi disiki hazishikane kabisa. Ao mafuta yameingia ku disiki. Kinyume chake, vitesi ikisaga meno kila mara unapoiingiza, ambreyaji haiachilie kabisa. Yote mawili yanaweza kuisha na funguo moja na nusu saa, bila kugusa bwati.

Mashini ikijipindua yenyewe upande moja, angalia kable za ile mikono miwili ya kugeuza. Kable ikikazwa sana, pine la upande ule linabaki limekatwa nguvu. Na hapa niweke neno ya hatari: mukishuka mulima na mota imefungwa nguvu, ukivuta mukono wa kushoto mashini inaweza kwenda kuume, juu pine lililoachiliwa linakimbia kuliko lile lingine. Mufundishe madreva wapya mbele ya siku ya kwanza.

Sasa tu njo bwati. Usiku mashini ikilala, maji yanashuka chini na mafuta yanabaki juu. Basi asubuhi, mbele ya kuwasha, legeza polepole bulo ya chini. Maji yakitoka kwanza, ao mafuta iko nyeupe kama maziwa, mpira wa kuzuia mafuta ku ekseli umekatwa na mchanga. Mwaga yote, badilisha mpira ule, weka mafuta mapya. Ukiweka mafuta bila kubadilisha mpira, umelisha parseli ya kesho. Ukiona vipande vya chuma mu mafuta, pale mekanisie anasema kweli.

Kelele nayo inasema fasi. Ikisikika mu vitesi moja tu, ni meno ya vitesi ile. Ikisikika mu zote, fikiria rulema ao upungufu wa mafuta. Vitesi inayojiruka yenyewe, mara nyingi resori ya kuishika imechoka, ao meno yamekwisha ku ncha.

Mu chama moja ninachokifuata, sasa dreva anaandika mu kaye ndogo kila jioni: kuruwa inazama namna gani, mafuta iko rangi gani, saa ngapi mashini imekaa mu maji. Mekanisie akisema bwati imekufa, mama mwenye kushika sanduku anafungua kaye ile kwanza, anamuuliza kuruwa aliipima saa ngapi.