Daftari la Kakao Kyela na Gharama ya Kuligawa



Kule Kyela, kaskazini ya Ziwa Nyasa, kakao ni zao la fedha kama karafuu ilivyo kwetu. Lakini matunda yake huiva machache machache, basi mkulima hupeleka mzigo mdogo mara nyingi kwa mwaka. Chama cha msingi hupima, mkulima hupewa stakabadhi, na mzigo hungoja mnada ghalani. Kila mzani ni mstari mmoja wa daftari. Daftari hilo likitiwa katika kompyuta huitwa jedwali, na seva inayolitunza hulipiwa kwa fedha ambayo mwishowe hutoka mfukoni mwa mkulima.

Mafundi husema kwamba jedwali likiwa kubwa ligawanywe katika seva mbili au zaidi ili gharama ipungue. Yafaa tupige hesabu kwanza.

Tuseme chama kina wanachama 5,000, na kila mmoja hupeleka mzigo mara 20 kwa mwaka. Hiyo ni mistari 100,000. Kwa miaka 10 ni mistari 1,000,000. Mstari mmoja tuukadirie herufi 200. Jumla ni megabaiti 200 tu, wala hata tukizidisha mara tatu kwa ajili ya faharasa, zote zaenea katika kadi ndogo ya simu! Jedwali la namna hiyo halina haja ya kugawanywa. Kinachojaza diski ni picha. Kila stakabadhi ikipigwa picha ya megabaiti 2, picha 1,000,000 ni terabaiti 2, yaani mara 10,000 ya mistari yenyewe. Hizo ndizo za kuhamishiwa kwenye diski ya bei nafuu.

Mambo hubadilika daftari likiwa la taifa zima. Mwezi wa Agosti 2022 ruzuku ya mbolea ilizinduliwa Mbeya, na wakulima wa nchi nzima wakaandikishwa katika mfumo wa kompyuta. Huko mistari huongezeka kila msimu. Programu ya PostgreSQL, tangu toleo lake la 10 la mwaka 2017, hukubali jedwali ligawanywe kwa tarehe, na mwenye kuuliza bado huliona ni moja. Msimu wa sasa hukaa katika diski ya kasi iliyo ghali. Misimu ya zamani, isiyoulizwa sana, hupelekwa kwenye seva ya diski za kawaida. YouTube nao walianza Vitess mwaka 2010 kugawa majedwali yao, ijapokuwa wao walilemewa na wingi wa maombi kuliko ukosefu wa nafasi.

Basi ugawaji wa kupunguza gharama uwe kwa msimu. Ukigawa kwa namba ya mwanachama, kila seva itakuwa na mapya na ya kale, na hakuna itakayoweza kuwa ya bei nafuu.

Tena seva ya pili ina umeme wake, mlinzi wake na nakala yake ya akiba. Ikizimika, mkulima anayedai malipo ya msimu wa nyuma haoni mzani wake. Kwa hiyo jumla ya kila mwanachama kwa kila msimu, ambayo ni mstari mmoja tu, ibaki katika seva ya karibu, na nakala ya mistari ya zamani ijaribiwe kufunguliwa kabla ya ile ya kwanza kufutwa.