Acheni Kuniuliza Mumpeleke Wapi

Likizo ikikaribia, simu yangu hujaa swali lile lile: "Dokta, safari hii nimpeleke wapi mtoto?" Anayeuliza ni mzazi mwema aliyechoka. Huondoka nyumbani alfajiri kuwahi foleni ya Mbagala au Gongo la Mboto, na hurudi watoto wameshalala. Anajua kuna kitu kimepungua nyumbani kwake, na fedha ametenga. Anachotaka ni nimtajie ufukwe, mbuga au hoteli yenye bwawa la watoto, aende, apige picha, arudi kazini na moyo mweupe.

Nimefanya kazi ya ushauri wa familia muda wa kutosha kusema bila kumung'unya maneno: swali hilo ni bovu, na mahali popote nitakapotaja patakuwa dawa isiyotibu ugonjwa uliopo.

Nyuma ya swali hilo kuna imani iliyoota mizizi kwa wazazi wengi wa mjini, kwamba kinachohesabika ni ubora wa muda na si wingi wake. Kwa hiyo, wanasema, ukikosekana nyumbani miezi mitatu, siku moja ya nguvu inafidia. Imani hii imeenea kwa sababu inamfariji mtu mzima. Inamwambia kwamba mapenzi yanaweza kulimbikizwa kisha yakalipwa kwa mkupuo. Wenye kitu cha kuuza nao wameidaka: vifurushi vya wikiendi vya kuimarisha familia, sherehe za kuzaliwa zenye tenti, keki ya ghorofa na mshereheshaji wa kukodi. Biashara yao ni halali. Ninachokataa ni sherehe kuuzwa kama tiba.

Chukua sherehe ya mtoto kutimiza mwaka mmoja, ambayo watu wanaikopea. Watu wazima wengi hawana kumbukumbu yoyote ya maisha yao kabla ya umri wa miaka mitatu au mitatu na nusu. Mtoto wa mwaka mmoja hatakumbuka keki, hatakumbuka wageni, na kwa kawaida hulia muziki ukizidi sauti. Mfanyieni sherehe mkitaka kumshukuru Mungu na kuwakusanya ndugu, hilo ni jambo jema. Lakini msije kuniambia miaka kumi baadaye kwamba hamwelewi kwa nini mtoto ana kiburi ilhali "tulimfanyia kila kitu".

Hata mtoto aliyekua kidogo haijengi picha ya nyumbani kwao kwa matukio makubwa. Mwanasaikolojia Katherine Nelson wa New York alitumia miaka mingi kuchunguza jinsi watoto wadogo wanavyosimulia maisha yao. Ukimuuliza mtoto wa miaka mitatu jana usiku kulitokea nini, anaweza kubabaika. Ukimuuliza huwa mnafanya nini wakati wa kula, anakupangia: tunanawa, mama anapakua, tunakula, tunalala. Anachokishika kwanza ni kile kinachojirudia. Tukio la mara moja anaweza kulikumbuka, hasa likiwa limemfurahisha sana au limemtisha, ila halimwambii kwao kukoje. Hilo analijua kutokana na Jumanne na Jumatano.

Nawaona watoto wa shule ya msingi kila wiki. Huwa nawaomba wanieleze siku nzuri nyumbani kwao. Wazazi walioko nje wanaamini mtoto atataja safari. Watoto wananitajia usiku umeme ulipokatika, televisheni ikazima, wote wakakaa barazani na babu akaanza hadithi za fisi. Wananitajia kuoshwa nywele Jumapili. Binti mmoja wa darasa la nne, ambaye familia yake ilikuwa imerudi karibuni kutoka safari ya ndege, alinieleza kwa kirefu jinsi baba yake anavyokaanga mayai Jumamosi asubuhi. Baba hulazimisha kulipasua yai kwa mkono mmoja, ganda linaangukia kwenye kikaango, mama anasema, "Baba watoto, leo tena?" na mdogo wake anakuja mbio na kijiko, kwa sababu kuokota ganda ni kazi yake, hakuna mwingine anayeruhusiwa. Nilipomuuliza habari za safari alisema palikuwa pazuri, palikuwa na bwawa. Kisha akarudi kwenye mayai.

Yatazameni mayai hayo vizuri. Binti anajua yatakuja, hivyo anayangoja tangu Alhamisi. Kila mtu ana nafasi yake, hata mdogo wa mwisho. Na kuna mzaha ambao mgeni akiusikia haoni kinachochekesha, kwa sababu ni mali ya nyumba ile. Kurudia, nafasi na maana: familia hushikana kwa vitu hivyo vitatu, na hakuna hata kimoja kinachouzwa mapokezi ya hoteli.

Haya si maoni yangu binafsi. Mwaka 2002 Barbara Fiese na wenzake walipitia utafiti wa miaka 50 kuhusu taratibu na desturi za ndani ya familia. Walitenganisha ratiba, yaani kazi inayofanyika tu ili iishe, na desturi, yaani jambo ambalo wanafamilia wakilikosa wanahisi wamepungukiwa. Waliona desturi hizo zikihusishwa na afya ya watoto, mafanikio yao shuleni, hata utulivu wa ndoa yenyewe.

Huko Los Angeles, kati ya 2001 na 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha California waliingia na kamera katika nyumba za familia 32 ambazo wazazi wote wawili walikuwa kazini. Wazazi walilalamika kama mnavyolalamika nyinyi, kwamba hawana muda maalumu na watoto. Tamar Kremer-Sadlik na Amy Paugh, walioandika kuhusu jambo hilo mwaka 2007, walionyesha kwamba nyakati za ukaribu zilikuwapo tayari, zimejificha katikati ya kazi za ndani na safari za garini. Wazazi waliteseka kutafuta kitu walichokuwa nacho mkononi.

Utafiti ninaoutaja mara nyingi zaidi ofisini ni wa zamani. Steven Wolin na Linda Bennett, wakifanya kazi Washington mwishoni mwa miaka ya 1970, walichunguza familia 25 ambamo mzazi alikuwa mlevi. Waliuliza mambo ya kawaida kabisa: chakula cha jioni kilikuwaje, sikukuu zilikuwaje, wikiendi zilikuwaje, hasa miaka ile ulevi ulipopamba moto. Familia ambazo pombe ilivuruga desturi zao ndizo zilizoelekea zaidi kuwa na watoto waliokuja kuwa walevi. Zile zilizoshikilia desturi, meza ikaandaliwa na sikukuu ikafanyika hata kama baba hakuwa katika hali ya kukaa na watu, zilielekea kuwakinga watoto wao. Familia 25 ni chache, na uhusiano si lazima uwe sababu. Lakini mama anayeniambia hawezi kuanzisha chochote mpaka mume abadilike namsomea utafiti huo. Msimngoje mtu mmoja awe sawa ndipo nyumba iwe nyumba.

Kuna msomaji atakayeniletea utafiti wa 2015 wa Melissa Milkie na wenzake, uliogundua kwamba kwa watoto wa miaka 3 hadi 11 wingi wa saa za mama peke yake hauonyeshi tofauti kubwa katika maendeleo yao. Ninaufahamu, na naupenda, kwa sababu unawatua akina mama wanaofanya kazi mzigo usio wao. Sijasema mwache kazi mkahesabu saa. Ila utafiti huo huo uliona kwamba kwa vijana wa miaka 12 hadi 18, muda wa kushiriki mambo na wazazi wote wawili, chakula kikiwemo, uliendana na tabia bora na masomo bora. Rika hilo ndilo tunalolikabidhi simu na funguo tukidhani limeshajitegemea. Kijana hasemi kwa miadi. Ukimketisha kwenye mgahawa wa gharama ukamwambia, "Haya mwanangu, niambie yanayokusumbua," atakuambia hakuna kitu. Mkiwa mnamenya viazi pamoja, macho yenu yakiwa kwenye visu, atasema.

Kinachonisikitisha ni kwamba watu wa pwani hatukupaswa kufundishwa haya na mtu yeyote. Tuna vunja jungu: Shaaban ikielekea ukingoni familia zinabeba masufuria kwenda ufukweni, zinakula na kucheza kabla ya kuingia Ramadhani. Tuna Mwaka Kogwa kule Makunduchi, kila mwezi Julai, ambapo wanaume wa mitaa miwili wanapigana kwa migomba, wanawake wanaimba, banda la makuti linachomwa moto, kisha kila nyumba inatakiwa iwe na mgeni wa kula naye. Mtu asiyeijua sikukuu hiyo ataiona kichekesho. Mtoto wa Makunduchi anajua atasimama upande gani, atakula kwa nani, na mwakani itarudi. Idi nayo ina mkono wa Idi, mtoto akizunguka nyumba za ndugu na jirani, na huko ndiko anakojifunza nani ni nani katika ukoo.

Sasa mnaniuliza kuhusu hizi siku za ajabu zinazojaa kwenye simu zenu, siku ya chapati za maji, siku ya kuzungumza kama maharamia, kama ni uzungu au ni upuuzi. Si lolote kati ya hayo. Tarehe ni kisingizio tu, na kisingizio kizuri hakikataliwi. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 21 Mei kuwa Siku ya Chai na 30 Mei kuwa Siku ya Viazi. Kwa nchi inayolima chai Mufindi na Rungwe na viazi Njombe, hakuna cha kuona haya. Tarehe 14 Machi ni Siku ya Hisabati: mkate wa kumimina ukatwe nusu, robo na thumni, na mdogo ndiye agawe. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili, na kwa Tanzania ni Saba Saba, mko nyumbani: vitendawili mchana kutwa, anayeshindwa atoe mji. Siku mliyobuni wenyewe ni bora zaidi. Siku jino la kwanza lilipong'oka likarushwa juu ya paa. Siku mliyohamia nyumba hii. Mvua ya kwanza ya vuli, maandazi yanakaangwa hata kama ni saa nne usiku.

Haya basi, mambo ya kufanya, kwa haraka.

Chagueni jambo moja tu la wiki na moja la mwaka. Mkianza na saba mtaacha yote.

Lisitegemee mshahara. Kipimo ni tarehe 28 mfuko ukiwa mtupu: kama haliwezekani siku hiyo, halitadumu.

Si lazima liwe la usiku. Uji wa Jumamosi unatosha kwa anayerudi usiku kila siku.

Kila mtoto awe na kazi yake ya kudumu, na msimnyang'anye kwa sababu anaifanya taratibu. Dada wa kazi naye aketi, ni mtu wa nyumba hiyo.

Simu zikae chumba kingine na televisheni izimwe, tamthilia itarudiwa. Picha moja mwishoni inatosha.

Msigeuze meza kuwa mahakama. Ripoti ya shule, ada na mashtaka ya jirani yana wakati wake.

Mzazi aliye mbali, awe Muscat, Doha au mgodini, apige siku ile ile saa ile ile, na aanze kwa kitendawili kile kile alichoahidi wiki iliyopita. Fedha anazotuma hazichukui nafasi hiyo.

Mliotengana, acheni kugombea Krismasi na Idi. Kila mmoja awe na siku yake ndogo ambayo mwenzake hana haja nayo.

Kijana akigoma, msimburute. Sahani yake iwekwe. Wengi hurudi wakiona hawasutwi.

Mkiruka wiki mbili kwa msiba au kazi, anzeni tena bila hotuba.

Safari nayo mwende, mkiwa na uwezo. Rudini mahali pale pale mwakani, mkae chini ya mti ule ule, nayo itaanza kuwa desturi.

La mwisho ndilo ninalolisisitiza kuliko yote, kwa sababu nakutana na madhara yake kila mwezi: msiitumie desturi kama adhabu. Mtoto aliyefeli mtihani, aliyedanganya, hata aliyeiba fedha mezani, aadhibiwe kwa njia nyingine yoyote inayofaa, lakini Jumamosi aketi ale na wenzake na kazi yake aifanye. Siku mnayomwondoa mezani kwa kosa lake mnamfundisha kwamba nafasi yake katika familia ina masharti, na mtoto aliyejifunza hivyo huenda kutafuta nafasi kwingine.