Mwalimu Aliyelegea Katika Kazi Yake

Ndugu Waislamu, hali hii inajulikana katika vyuo vyetu vingi vya Kurani. Mwalimu hufika watoto wamekwisha kuchoka kumngoja. Na akifika huwaachia wakubwa wawasomeshe wadogo, naye akakaa kando na shughuli zake. Wazazi hunung'unika barazani, na kamati ya msikiti hutaka kumwondosha upesi. Leo tutaeleza namna dini yetu inavyotufundisha kumtengeneza mtu kama huyo.

Mwaka wa 3 wa Hijra, yaani 625, Mtume (S.A.W.) aliwaweka wapiga mishale wapatao 50 juu ya kilima huko Uhud, chini ya Abdullah bin Jubair, akawakataza kuondoka hata itokee nini. Wengi wao, walipoona adui anakimbia, waliteremka kufuata ngawira, na adui akaingia kwa nyuma. Waislamu wapatao 70 wakauawa, Hamza ami yake Mtume akiwamo, na Mtume mwenyewe akajeruhiwa usoni. Ni uzembe gani wa darasani utakaofika hapo? Lakini katika Sura ya Al-Imran, aya ya 159, iliyoteremka baada ya vita hivyo, Mwenyezi Mungu alimwamuru Mtume wake awasamehe watu wake, awaombee maghufira, na ashauriane nao. Tulitazame sana hilo la mwisho: hawakuachiliwa kosa tu, bali walirudishwa katika shauri.

Basi kamati nayo imwite mwalimu faraghani, si mbele ya wanafunzi wake, na imsikilize kabla ya kumlaumu. Huenda ana mgonjwa nyumbani. Huenda watoto ni themanini na misahafu ni mitatu. Au huenda, na hili ndilo tunaloliona mara nyingi, hajapewa ujira wake kwa miezi minne. Hapo kamati ijitazame yenyewe. Sura ya Al-Mutaffifin inawaonya wanaotaka kujaziwa kipimo chao na huku wakiwapunja wenzao. Onyo hilo linamhusu mwalimu anayechelewa darasani, na linaihusu kamati inayochelewesha haki yake.

Wako wasemao kwamba mwalimu wa Kurani atosheke na thawabu. Thawabu ipo, lakini mwenye duka hapokei thawabu kwa kibaba cha unga. Mtume alihimiza mfanya kazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na baada ya vita vya Badr, mwaka 624, mateka waliojua kuandika na wasiokuwa na mali walijikomboa kwa kusomesha watoto kumi kumi wa Madina. Kusomesha kulihesabiwa kuwa fidia ya mtu mzima!

Akisha kulipwa na kusikilizwa, mwalimu naye awekewe ahadi iliyo wazi: saa za kufika, na kiasi cha kusomesha, kwa muda watakaoafikiana. Ukipita muda huo asibadilike, haki ya watoto ni kubwa kuliko kumwonea haya, na kamati itafute mwingine. Wala sababu zake zisitangazwe msikitini, na siku anayoondoka apewe chake chote mkononi.