Mfupa Ndani ya Mshipa: CT ya Moyo Inahesabu Nini?

Msomaji wa Mlandizi, wilayani Kibaha, ameuliza swali zuri. Mjomba wake alipigwa picha ya CT ya moyo Dar es Salaam, akaambiwa alama ya kalsiamu ya mishipa yake ni 210. Tangu hapo, nyumbani wamemkataza maziwa na dagaa. Je, wamefanya sawa?

Hapana. Mrudishieni mzee dagaa wake. Kalsiamu ile haikutoka kwenye sahani; mshipa wenyewe ndio ulioiweka, na namna unavyoiweka hunistaajabisha kuliko jambo lolote katika elimu ya moyo.

Kolesteroli ikijipenyeza ndani ya ukuta wa mshipa, seli za kinga huifuata na kuimeza mpaka zikavimba kwa mafuta na kufa. Mabaki yake huanza kunasa kalsiamu na fosfeti. Hapo ndipo seli za misuli laini, ambazo kazi yake ni kubana na kulegeza mshipa, huiacha kazi hiyo na kushika ya seli zinazojenga mifupa. Huwasha jeni zilezile, hutoa protini zilezile, na kinachojengeka ni hidroksiapatiti, madini yaleyale ya mifupa na meno yetu. Rudolf Virchow, tabibu Mjerumani, alikwisha kuandika katika karne ya 19 kwamba mshipa unaweza kuota mfupa wa kweli.

Mkusanyiko huo wa mafuta na madini wapo wanaouita ukoga. Silipendi jina hilo. Ukoga hukaa juu ya jino, ukasuguliwa ukatoka. Huu umo ndani ya ukuta na hausuguliki. Mimi nitauita kinundu.

Chukua mfano wa nyumba ya miti na udongo, kama zilivyo nyingi vijijini Kisarawe. Ukuta ukipasuka, mwenye nyumba huziba ufa kwa saruji. Mpita njia, kama CT, haoni nyufa changa zilizojificha ndani ya udongo. Anaona viraka tu. Kiraka chenyewe ni kigumu, na huenda ukuta usibomoke pale. Lakini akihesabu viraka arobaini anajua ukuta ule umepasuka mara nyingi, na kwamba pembeni ya viraka kuna nyufa nyingine zinazoendelea. Tena akiletwa fundi hodari, viraka vitaongezeka, maana ataziba hata zile nyufa changa. Ndivyo zifanyavyo statini, dawa za kushusha kolesteroli: hupunguza mshtuko wa moyo, ilhali alama ya kalsiamu hupanda, kwa kuwa vinundu laini hugeuka vigumu.

Hesabu ya viraka hivyo ilitungwa na daktari Arthur Agatston na wenzake wa Miami, wakaichapisha mwaka 1990. Katika kipimo cha Hounsfield, kinachopima mng'ao kwenye picha ya CT, maji ni 0. Doa linalofikia 130 huhesabiwa kuwa kalsiamu. Eneo lake huzidishwa kwa 1 hadi 4 kadiri linavyong'aa. Doa la milimita 5 za mraba lenye mng'ao wa 320 huzidishwa kwa 3, likapata 15. Madoa yote hujumlishwa. Mgonjwa hachomwi dawa yoyote. Hubana pumzi sekunde chache, na picha hupigwa moyo unapotulia kati ya pigo na pigo.

Kwa nini kuhesabu viraka vya ukuta badala ya kupima upana wa njia ya damu? Jibu liko hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1972 mtafiti George Mann na wenzake, akiwamo Anne Spoerry aliyewatibu watu wa Kenya kwa kuwafikia kwa ndege, walichapisha uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki. Kuta za mishipa zilikuwa zimenenepa kama za wazee wa Marekani, lakini njia ya damu ilibaki pana kwa sababu mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka. Mshipa unaopitisha damu vizuri unaweza kuwa na ukuta mgonjwa.

Alama ya sifuri ni habari njema sana, ingawa vinundu laini huwa havionekani. Anayeumwa kifua asingoje alama. Aende hospitali leo.

Kwa mjomba, 210 imevuka 100, kiwango ambacho mwongozo wa kolesteroli wa Marekani wa mwaka 2018 ulielekeza kuanza statini. Azungumze na daktari wake kuhusu dawa hiyo, adhibiti presha, na kama anavuta sigara aache. Nanyi wa damu yake msikimbilie CT. Tangulieni kituo cha afya mkapime presha na sukari, kwa sababu hayo mawili ni miongoni mwa yanayoupasua ukuta, nayo hutibika kabla kiraka cha kwanza hakijawekwa.