Lisha Sato kwa Mizani na Kipimajoto

Ufugaji wa sato katika vizimba na mabwawa ni shughuli inayowapatia kipato wananchi wa mwambao wa Ziwa Victoria, kuanzia Majita hadi Ghuba ya Speke. Hata hivyo, chakula peke yake kwa kawaida huchukua zaidi ya nusu ya gharama zote. Mfugaji anayelisha kwa mazoea hupoteza fedha, na wakati mwingine hupoteza samaki wenyewe.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni ukubwa wa samaki. Mwili wa kifaranga hutumia nguvu nyingi kwa kila gramu ya uzito wake kuliko mwili wa samaki mkubwa. Mathalani, vifaranga 1,000 vya gramu 10 kila kimoja wana uzito wa kilo 10. Wakilishwa asilimia 6 ya uzito huo, watahitaji gramu 600 kwa siku. Samaki hao wakifikia gramu 300, uzito wao huwa kilo 300, lakini asilimia 2 huwatosha, yaani kilo 6. Uzito umeongezeka mara 30, chakula mara 10 tu. Mfugaji atakayeendelea na asilimia 6 atamwaga kilo 18, na kilo 12 kati ya hizo zitazama na kuoza, huku zikila oksijeni ya maji.

Jambo la pili ni joto la maji. Samaki hana joto lake mwenyewe; mwili wake hufuata joto la maji. Sato hukua vizuri zaidi kati ya nyuzi joto 26 na 30. Maji yakipoa, hamu yake ya kula hupungua, hivyo chakula nacho kipunguzwe. Maji yakipata joto, mahitaji yake ya oksijeni hupanda, ilhali uwezo wa maji kubeba oksijeni hushuka: maji ya nyuzi 30 hubeba pungufu kwa takribani sehemu moja ya sita kuliko maji ya nyuzi 20.

Tahadhari zaidi ichukuliwe kati ya Juni na Agosti, ambapo pepo za kusini hupoza ziwa na kuchanganya maji ya juu na ya chini. Maji ya chini yenye oksijeni haba yakifika kwenye vizimba, samaki wanaweza kufa kwa wingi.

Kwa hiyo, mfugaji anashauriwa:

1. Kupima sampuli ya samaki kila baada ya wiki mbili na kukokotoa upya kiasi cha chakula.
2. Kupima joto la maji asubuhi na alasiri.
3. Kutolisha alfajiri, kwa kuwa oksijeni huwa chini kabisa wakati huo.
4. Kusitisha kulisha mara samaki wanapoonekana wakihema juu ya maji, na kumjulisha Afisa Uvuvi aliye karibu bila kuchelewa.