Waridi Huchagua Mahali: Maneno kwa Wakulima wa Kimbo na Kwingineko

Wakulima wengi wa Kimbo, na wa sehemu zilizo kati ya Ruiru na Thika, huuliza habari za kupanda mawaridi. Wengine wataka ua la kupamba mlango wa nyumba, wengine wataka fedha. Wote yawapasa kujua jambo moja kwanza: waridi halikubali kila mahali kwa namna moja. Mti unaostawi vizuri Kinangop waweza kuwa dhaifu Kimbo, na ukipelekwa Mpeketoni waweza kufa kabisa. Mkulima atoaye karo ya watoto kununua miche mia mbili kabla ya kuujua udongo wake anacheza kamari.

Baridi na Joto

Nchi yetu ya Kenya hupitiwa na Ikweta, kwa hiyo mchana ni wa saa kumi na mbili hivi mwaka mzima. Kinachotofautisha shamba na shamba ni kimo chake kutoka usawa wa bahari. Kinangop, ambako wakulima waligawiwa mashamba katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962, ni nchi ya mita 2,400 na zaidi. Usiku ni baridi, waridi hukua polepole, na ua huwa kubwa juu ya shina refu na nene. Kimbo ni kama mita 1,500 tu. Hapa, ukikata ua leo, shina lile laweza kutoa lingine baada ya majuma 6 au 7. Katika nchi za juu huenda ukangoja majuma 10 au zaidi. Basi sisi tunapata maua mengi, lakini vichwa vyake ni vidogo. Usinunue aina fulani kwa sababu uliiona Kinangop ikiwa na kichwa kama ngumi. Muulize mwenye kitalu: aina hii imejaribiwa katika kimo gani?

Ndugu zetu wa Magarini na Mpeketoni wana kazi ngumu zaidi. Joto la pwani hufungua tumba upesi, na maji ya visima vyenye chumvi huunguza majani. Hata Oman, ambako marashi ya waridi hupendwa sana, mawaridi ya marashi hayo hayalimwi ufukoni. Hulimwa juu ya mlima wa Jabal Akhdar, kwenye kimo cha mita 2,000 hivi, na huchumwa kati ya Machi na Mei. Mkulima wa pwani atakaye ua la harufu nzuri atapata faraja zaidi kwa asmini. Akitaka waridi, na alipande mahali penye jua la asubuhi na kivuli cha alasiri, naye alinyweshe maji yasiyo na chumvi.

Udongo

Kimbo na jirani zake kuna udongo wa namna mbili. Mwekundu hupitisha maji vizuri. Chimba shimo la futi moja na nusu kila upande, changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza, kisha panda. Udongo mweusi wa mfinyanzi ni mambo mengine. Shimo likichimbwa humo huwa kama karai: mvua huingia, maji hayatoki, na mizizi huoza. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka na kukata mizizi.

Jaribu hivi. Chimba shimo la futi moja, ujaze maji, uyaache yapotee, kisha ujaze tena. Ukikuta maji bado yamo kesho yake asubuhi, usipande shimoni. Inua tuta la futi moja, changanya mboji nyingi, panda juu yake, na funika kwa matandazo ya nyasi kavu. Usiyagusishe matandazo na shina.

Maji, Mkasi na Magonjwa

Nywesha asubuhi, chini kwenye mizizi, wala si juu ya majani. Majani yakikaa na unyevu kwa saa nyingi hupata madoa meusi, hasa wakati wa mvua za Machi hadi Mei. Okota majani yaliyoanguka uyachome. Ukungu mweupe kama unga hupenda usiku wa baridi na mchana mkavu. Mpe kila mti nafasi ya kupitisha hewa. Tazama chini ya majani upate kuona vidukari na utitiri mapema.

Pogoa kiangazi kinapokaribia kwisha, ili machipukizi yapate mvua. Kata kwa mkasi mkali, juu kidogo ya jicho linalotazama nje. Chipukizi litokalo chini ya mahali palipounganishwa ni la mti-mwitu. Ling'oe, kwa maana litaula mti mzima.

Habari za Fedha

Kuuza ng'ambo si kazi ya mikono mitupu. Ua lataka kuingizwa katika chumba cha baridi mara baada ya kukatwa, na lataka cheti cha KEPHIS. Tena, tangu 1999 Kenya imo katika mkataba wa UPOV wa kulinda haki za wenye kuzalisha aina mpya za mimea. Kwa hiyo kukata vipandikizi vya aina iliyolindwa na kuviuza bila ruhusa kwaweza kukufikisha mahakamani.

Njia salama ni hii: usiguse mahali pa mahindi na maharagwe. Panda miti kumi, uitazame katika mvua, katika baridi ya Julai na katika kiangazi. Wakati huo huo tafuta mnunuzi aliye karibu, wa maua ya harusi au ya kanisani, usikie ataka rangi gani na urefu gani wa shina. Ikiwa miti kumi imestawi na mnunuzi yupo, ongeza. Ikiwa imekufa, hasara ni ya miti kumi, na watoto bado wako shuleni.