Bati Tupu Si Paa Kamili

Mji wa Musoma haukupewa joto la pwani. Umekaa kando ya Ziwa Viktoria, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na upepo wa ziwa huuburudisha. Ya nini, basi, mfanyakazi aliyepanga chumba Nyasho, arudipo kutoka zamu ya usiku, ashindwe kulala mchana? Sisi twaona kwamba joto limtesalo halikuletwa na mbingu peke yake. Sehemu yake kubwa tumeiezeka wenyewe.

Nyasho iko karibu na Ikweta. Katika miezi ya Machi na Septemba jua la adhuhuri hupita utosini, na bati lililochakaa huweza kuzidi nyuzi 60 za Sentigredi. Lisipokuwa na dari chini yake, joto hilo lote humshukia aliye ndani. Wazee wetu wa Mara waliezeka kwa nyasi nene, na nyumba zao zilikuwa baridi. Hatusemi watu warudie nyasi: huoza, huvuja, huwaka moto, na bati hutukingia maji ya mvua. Lakini tulipoondoa nyasi tuliondoa na kinga yake, wala hatukuweka kitu mahali pake.

Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, aligusa jambo hili mwaka 1977 alipoipima miaka kumi ya Azimio la Arusha. Aliwalaumu watu wanaong'ang'ania saruji na bati, wakayadharau matofali ya kuchoma na vigae. Yeye alikuwa akitetea kujitegemea. Sisi twaongeza kwamba kigae hakipitishi joto upesi kama bati. Kweli, matofali ya kuchoma hula kuni nyingi. Ndiyo maana twayasifu matofali ya kufungamana yanayohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba na Ujenzi: ni udongo na saruji kidogo, hushindiliwa kwa mashine, hayachomwi.

Anayejenga leo aulaze urefu wa nyumba mashariki kwa magharibi, jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Madirisha yatazamane, upepo upate pa kuingilia na pa kutokea. Nyumba iliyokwisha kusimama itiwe dari, matundu ya hewa chini ya paa, na rangi nyeupe juu ya bati. Huko India, katika mji wa Ahmedabad, joto la mwaka 2010 liliua watu zaidi ya 1,300. Mji ukafanya mpango wake mwaka 2013, na baadaye mapaa ya maskini yakapakwa rangi nyeupe.

Mwenye nyumba za kupangisha huokoa fedha ya dari, na mpangaji akailipa kwa usingizi wake. (Mwenye nyumba, aghalabu, halali humo.) Mwezi Machi 2024 Sudan Kusini ilifunga shule zake kwa sababu ya joto. Nyasho haijafika huko. Lakini dunia yazidi kupata joto, na chumba kijengwacho leo kitakaliwa miaka arobaini. Twaiomba Manispaa ya Musoma, itoapo kibali cha ujenzi wa vyumba vya kupangisha, idai dari na matundu ya hewa kama inavyodai choo. Na mvua za vuli zikianza, kila ua upandwe mwarobaini au mwembe upande wa magharibi.